Nguo ya kuazima na buibui wa Brooklyn

Msimamishe mtu yeyote njiani, Kariakoo au Kawangware, umuulize Spider-Man ni nani. Kama anapenda sinema hata kidogo atakujibu bila kukuna kichwa: ni Peter Parker, yule kijana wa New York aliyeng'atwa na buibui akaanza kutembea kwenye kuta. Hajakosea. Tangu Stan Lee na Steve Ditko wamtoe Agosti 1962, Peter ameingia kwenye vitabu vya katuni, televisheni, filamu, mabegi ya shule na ndala za watoto wetu. Sasa muulize mtu huyo huyo: na Miles Morales je? Leo pengine atakujibu. Ungemuuliza kabla ya Desemba 2018, angekutazama kama uliyeulizia bei ya dagaa kwa fundi viatu.

Kilichobadili mambo ni filamu moja ya katuni, Spider-Man: Into the Spider-Verse. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kumwambia mhariri wangu, na kila nikiirudia naona kitu ambacho mara iliyopita kilinipita. Leo nataka kueleza kwa nini. Natahadharisha mapema: nitasimulia mpaka mwisho. Kama hujaiona, na wewe ni wale wasiopenda kusimuliwa, simama hapa, kaitafute uitazame, halafu tuendelee.

Kwanza huyu Miles ni nani. Alizaliwa kwenye karatasi mwaka 2011, mikononi mwa mwandishi Brian Michael Bendis na mchoraji wa Kiitaliano Sara Pichelli. Baba yake ni Mmarekani mweusi, mama yake asili yake Puerto Rico, kwao ni Brooklyn. Bendis amewahi kueleza kwamba wazo lilimkaa vizuri kichwani alipomwona mwigizaji Donald Glover kwenye televisheni amevaa nguo za kulalia za Spider-Man, akajiambia kitabu cha namna hiyo angekisoma. Wakati huo Marvel walikuwa na mfululizo wa vitabu wa pembeni, wenye dunia yake, na ndani ya dunia hiyo Peter Parker alikuwa ameuawa. Miles akaletwa kuziba pengo la marehemu.

Unaweza kukisia kilichofuata. Wapo waliofurahi, na wapo waliopiga kelele: Spider-Man gani huyu, mbona mweusi, hizi si siasa? Kelele zikapoa. Miles akabaki na wasomaji wake wa vitabu, na sinema zikaendelea na Peter wao kama kawaida.

Ndipo Sony wakatoa hii filamu. Iliongozwa na watu watatu: Bob Persichetti, Peter Ramsey na Rodney Rothman. Bajeti yake ilikuwa dola milioni 90, fedha ambayo kwa katuni kubwa za Hollywood si ya kutisha. Februari 2019 ikachukua Oscar ya katuni bora, tuzo ambayo kwa miaka sita mfululizo ilikuwa haitoki nje ya nyumba ya Disney na Pixar. Ramsey akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuitwaa tuzo hiyo.

Haya, lakini hakuna mtu anayerudia filamu kwa sababu ya tuzo. Ukiwauliza waliyoipenda waliipendea nini, wengi watakwambia ni picha zake. "Ina rangi kali," watasema, au "haijawahi kuchorwa nyingine hivi." Ni kweli. Ila mimi nadhani picha zile zinafanya kazi kubwa zaidi ya kupendeza. Ndizo zinazosimulia. Ukiziba masikio ukaitazama bila sauti, bado utaelewa huyu mtoto anapitia nini.

Nianze na jambo ninalolijua kwa kazi yangu. Yeyote aliyewahi kusubiri gazeti litoke mtamboni usiku atanielewa upesi. Picha ya rangi unayoiona gazetini haina rangi nyingi kama unavyodhani. Ina nne tu: aina ya bluu, aina ya waridi, njano na nyeusi. Kila rangi ina bati lake la kuchapia, na kila bati linapiga vidoti vidogo vidogo. Jicho lako ndilo linalochanganya vidoti hivyo na kuona sura ya waziri. Mabati yakikaa sawa, waziri anatoka waziri. Bati moja likisogea kidogo tu, waziri anatoka na midomo miwili, mmoja wa bluu upande wa kushoto na mwingine wa waridi upande wa kulia, na asubuhi kuna mtu atafokewa. Rangi zimehama.

Wachoraji wa Into the Spider-Verse waliichukua aibu hiyo ya mtamboni wakaifanya pambo. Mtazame Miles anapotembea mtaani kwao, kisha uangalie nyuma yake. Kwenye filamu nyingine vitu vya mbali vingekuwa na ukungu, kama kamera inavyofanya. Humu vitu vya mbali vimehama rangi, kama gazeti lililoharibika. Tazama nyuso za watu kwa karibu, utaona vidoti. Tazama vivuli, utaona mistari ya kalamu. Baada ya Miles kung'atwa na buibui, mawazo yake yanaanza kuandikwa hewani ndani ya visanduku, kama kwenye kitabu cha katuni, na yeye mwenyewe anashangaa imekuwaje sauti ya kichwani mwake ipige kelele namna ile.

Kitabu cha kwanza cha Spider-Man mwaka 1962 kiliuzwa senti 12. Kilikuwa karatasi rahisi na wino rahisi, kitu cha kusoma na kutupa. Kasoro zote za uchapaji ule wa bei nafuu zimerudi humu kwa makusudi, zikafanyiwa kazi na mafundi ambao walitumia mwaka mzima kuzipata sekunde 10 za kwanza zinavyotakiwa. Nikifikiria hilo naona adabu yake. Mtoto aliyedharauliwa amechorwa kwa dosari za karatasi iliyodharauliwa, na vyote viwili vinameremeta.

Jambo la pili linataka hesabu ndogo, vumilia. Filamu inapita machoni kwa picha 24 kila sekunde. Katuni nyingi za kompyuta humsogeza mtu katika kila picha moja, ndiyo maana miondoko yake inateleza kama mafuta. Miles wa mwanzo anasogezwa kila baada ya picha mbili, yaani mara 12 kwa sekunde. Kuna mahali wako msituni wanakimbia maadui, yeye na Peter B. Parker. Huyu Peter B. ni Spider-Man aliyedondoka kutoka dunia nyingine, mtu mzima aliyeota kitambi na kuachana na mkewe. Wote wawili wananing'inia kwenye miti kwa nyuzi zao, Peter kwa 24, Miles kwa 12. Hakuna anayekwambia. Unachoona ni kwamba mmoja anaelea na mwingine anarukaruka kama mtoto anayejifunza baiskeli. Baadaye, Miles anapoiva, miondoko yake nayo inalainika. Nimesoma makala nyingi kuhusu maana ya uzoefu, sijaona iliyoeleza vizuri kuliko hapo.

Na wale wageni wengine kutoka dunia nyingine, kila mmoja kaja na uchoraji wa kwao. Noir ni mweusi na mweupe mtupu, kama filamu za wapelelezi wa kale. Peni ni msichana wa katuni za Kijapani. Yule nguruwe, Spider-Ham, ni katuni za watoto za asubuhi. Adui wao, Kingpin, kachorwa kama ukuta wa suti nyeusi uliobandikwa kichwa katikati. Wanasimama chumba kimoja na hakuna aliyelazimishwa kufanana na mwenzake.

Lakini kilichonishika mimi zaidi ni shule. Miles amepata nafasi kwa bahati nasibu katika shule ya bweni ya watoto wenye akili, na haipendi. Anataka kurudi shule ya mtaani kwao, wanakomjua. Basi anapata akili: katika mtihani wa kweli au si kweli anakosa maswali yote. Sifuri. Mwalimu anamwita na kumweleza kwa upole kwamba hata mtu aliyefungwa kitambaa machoni angebahatisha karibu nusu. Wa kukosa yote ni yule tu anayejua majibu yote. Anamwekea 100 na kumpa kazi ya kuandika insha kuhusu yeye mwenyewe, anataka kuwa mtu wa namna gani.

Wangapi hapa tumetoka shule ya kata au ya msingi ya mtaani tukapelekwa bweni mbali, tukarudi likizo tukaitwa "msomi" kwa kejeli na wale tuliocheza nao chandimu? Kuna umri ambao kufaulu kunakuwa kama kuwasaliti wenzako. Filamu haikuhitaji kulihubiri hilo. Imeliweka kwenye karatasi moja ya mtihani.

Nyumbani kwao pia ni nyumbani kwelikweli. Mama anamsemesha Kihispania, Miles anajibu, maisha yanaendelea, na chini hakuna tafsiri. Mtu aliyekulia nyumba yenye Kisukuma au Kijaluo ndani na Kiswahili nje hahitaji kuelezwa. Baba yake ni polisi. Anamshusha shuleni kwa gari la polisi, kisha anatumia kipaza sauti cha gari kumlazimisha mtoto amjibu kwamba naye anampenda, mbele ya wanafunzi wote! Nilicheka mpaka nikasimamisha filamu. Nikakumbuka wazazi wetu na maneno yao kwenye geti la shule siku ya kufungua.

Sasa tufike kwenye nguo. Spider-Man wa Brooklyn, yule aliyetakiwa kumfundisha Miles, anauawa mapema. Mji mzima unaomboleza. Miles anaingia dukani kununua vazi la Spider-Man la kuigiza na kumuuliza muuzaji kama anaweza kulirudisha lisipomtosha. Muuzaji ni mzee mmoja mwenye miwani, sauti yake ni ya Stan Lee mwenyewe, ambaye alifariki Novemba 12, 2018, mwezi mmoja kabla filamu haijatoka. Mzee anamjibu kwamba mwishowe hutosha tu. Kamera inasogea, na ukutani kuna tangazo: mali ikishauzwa hairudishwi. Hapo unacheka na kulia kwa pamoja.

Vazi lenyewe halimtoshi. Anapanda ghorofa refu, anaogopa, anashuka, anatafuta jengo fupi, anaruka, anajikwaa kwa kamba ya kiatu chake mwenyewe na kuanguka mpaka chini. Wazee wetu walishasema: nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Nina sababu ya kulielewa hilo kwa mwili wangu. Miaka miwili iliyopita, katika gazeti nililokuwa nikiandikia, tulifiwa na mwandishi mkubwa. Sote tulimwita Mzee. Kila Jumamosi kwa miaka mingi alikuwa na safu yake, na wapo watu waliolinunua gazeti lile kwa ajili ya safu ile tu. Baada ya arobaini mhariri akaniita. "Kijana, ukurasa wa Mzee ni wako. Andika kama yeye. Sitaki msomaji aone kuna kilichobadilika."

Nikapewa nakala zake za nyuma nizisome kama msahafu. Nikafungua kwa salamu zake, nikatumia methali zake, nikafunga kwa mzaha wake. Simu hazikukoma. Mama mmoja alipiga kutoka Morogoro akaomba aongee na "huyo mtoto", akaniambia taratibu, bila hasira: "Mwanangu, Mzee hakuwa anasema hivyo. Wewe sema ya kwako." Nilimshukuru. Wiki iliyofuata nikaandika kuhusu vijana wa bodaboda wa mtaani kwetu, kwa maneno yangu, na nyingine mbili baada ya hiyo. Kisha safu ikaondolewa, na nafasi ile sasa ina tangazo la mikopo. Sikuwahi kujua kama zile tatu zilipendwa. Najua tu kwamba ndizo pekee ambazo mtu akinitajia leo naweza kumwangalia usoni.

Kwa hiyo nikifika pale kwenye karakana ya Shangazi May, ambapo wale mabuibui wote wanamzunguka Miles na kumhoji, unaweza kufanya hivi? unaweza kujificha ukitaka? unaweza kuanguka ukainuka? huwa nageuza uso. Hana ubaya yeyote pale. Ni mashujaa, wanajua kazi, muda hauko upande wao. Lakini wote wanapima kama mtoto huyu anaweza kuwa wao, na hakuna anayeuliza yeye ni nani. Mwishowe wanaona hafai. Peter B. anamfunga kwa utando kwenye kiti chumbani kwake bwenini, na mdomo wake anauziba, ili wenzake wakafe bila yeye.

Ndipo baba anakuja mlangoni. Amefiwa na ndugu yake, Aaron, usiku ule ule, na hajui kwamba Miles alikuwepo Aaron alipokata roho. Anagonga. Miles hawezi kujibu. Baba anadhani amenuniwa, basi anaongea na mlango. Anamwambia mtoto wake kwamba anaona ndani yake kuna kitu, cheche fulani, na kwamba chochote atakachochagua kukifanya nayo kitakuwa kikubwa. Kisha anaondoka. Kwenye filamu yenye rangi zote zile, hapa kuna kiti, mlango na watu wawili wasioonana. Hakuna aliyeng'atwa na buibui anayeweza kusaidia.

Baada ya hapo Miles anajifungua mwenyewe na kurudi kwa Shangazi May. Mama huyo ameshamwandalia vifaa vya kurushia utando, vya saizi ya mkono wake. Anachukua vazi la Peter, la kweli safari hii, na analipulizia rangi ya kopo, ile anayochorea kutani: nyeusi yote, buibui mwekundu kifuani, na rangi ile ya kifuani inachuruzika kidogo kama bado mbichi. Anapanda ghorofa refu lile. Anaruka. Vidole vyake bado vimeng'ang'ania kioo, kwa hiyo kioo kinapasuka na kwenda naye. Na hapo wachoraji wanafanya kitu ambacho sitakisahau: wanaigeuza kamera juu chini. Miles anaanguka, lakini kwenye skrini anapaa kuelekea mjini, na taa za New York ziko juu yake kama nyota.

Picha ile moja ina filamu nzima ndani yake. Anaogopa bado. Kioo kilichobaki mkononi ni ushahidi kwamba mwili ulikataa kuachia. Aliruka hivyo hivyo.

Ina kasoro, nisiseme haina. Peni na yule nguruwe wamepewa nafasi finyu. Kingpin anataka kuirudisha familia yake iliyokufa, huzuni kubwa ambayo filamu inaipitia mbio. Na hii habari ya dunia nyingi, tangu hapo imetumiwa na kila mtu mpaka imechosha. Lakini njia iliyofungua kwenye uchoraji bado inatembewa: utaiona kwenye The Mitchells vs. the Machines ya mwaka 2021, kwenye Puss in Boots: The Last Wish ya mwaka 2022, na kwenye mwendelezo wake yenyewe, Across the Spider-Verse, wa mwaka 2023.

Wapo wanaoniambia haya ni mambo ya watoto, na ya Wamarekani. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia makala ya filamu hii kwa sentensi moja: "Katuni si habari." Mimi namtazama mtu anayesema hivyo katika nchi ambayo kaka zetu walijifunza kusoma haraka kwa kugombea Sani, na ambamo Kingo wa James Gayo aliwachekesha watu wazima. Sisi tunajua katuni inavyoweza kusema lisilosemeka. Tunajua na karatasi ya bei nafuu.

Mwisho wa filamu Miles anatuambia kwamba yeyote anaweza kuvaa kinyago kile. Sentensi hiyo imebandikwa kila mahali, na naona inaliwa nusu. Vazi lilikuwa la Peter, la kuazima kabisa, na vifaa alivipata kwa Shangazi May. Hakuna aliyeanza na kitu chake peke yake, hata Mzee wetu alikuwa na wazee wake. Nguo ya kuazima ilianza kumsitiri Miles pale alipoipaka rangi kwa mkono wake, na rangi ilikuwa bado haijakauka alipoenda kazini.